Maswali ya Wasomaji: Mwanamke Anayelaumiwa kwa Uchawi Katika Wimbo wa Roki

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiusikiliza wimbo wa roki uitwao "Black Magic Woman" kama ulivyopigwa na bendi ya Santana, na kila ninapoujadili na wenzangu tunaishia kubishana. Mmoja anadai kwamba ni wimbo wa ushirikina wa kweli na kwamba mtu mwenye dini hapaswi kuusikiliza. Mwingine anasema kwamba uchawi unaotajwa ni fumbo la dawa za kulevya, kwa kuwa wimbo wenyewe ni wa miaka ambayo wanamuziki wengi wa roki walikuwa wakizitumia. Mimi naona kwamba ni wimbo wa mapenzi, lakini nashindwa kueleza ni mapenzi ya namna gani, kwa sababu mwimbaji anamlaumu mwanamke huyo na papo hapo anaonekana kumhitaji kuliko kitu kingine chochote. Je, wimbo huu unamtukuza mwanamke au unamdhalilisha? Na nguvu anazopewa humo ni zake kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu likishajibiwa, lile la kutukuza na kudhalilisha hupungua ukali. Kabla ya hapo, hata hivyo, inafaa tujue wimbo ulitoka wapi.

Watu wengi hudhani kwamba Santana ndio walioutunga, lakini sivyo. Mtunzi ni Peter Green, mpiga gitaa Mwingereza aliyeanzisha bendi ya Fleetwood Mac mwaka 1967 baada ya kuondoka katika bendi ya John Mayall, na wimbo ulitoka kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1968. Haukuvuma sana huko, kwani uliishia nafasi ya 37 katika chati za mauzo. Miaka miwili baadaye bendi ya Santana kutoka San Francisco, iliyoongozwa na Carlos Santana, mzaliwa wa Mexico, iliurekodi upya katika albamu iitwayo Abraxas, na mwanzoni mwa mwaka 1971 ukafika nafasi ya 4 nchini Marekani. Sauti unayoisikia ikiimba katika toleo hilo si ya Carlos Santana bali ni ya Gregg Rolie, ambaye pia ndiye mpiga ogani. Maneno ya matoleo yote mawili yanakaribia kuwa yale yale, kwa hiyo tafsiri ya maneno inayahusu yote mawili. Kilichobadilika sana ni muziki, na huo nitaurudia.

Maneno yenyewe ni machache mno. Kuna beti tatu tu, hakuna kiitikio, na katika kila ubeti mshororo wa kwanza unarudiwa, kama ilivyo kawaida ya nyimbo za bluzi, muziki ulioanzia kwa Wamarekani Weusi. Katika ubeti wa kwanza mwanamume anatangaza kwamba anaye mwanamke mchawi, kwamba amepofushwa naye kiasi cha kutoona jinsi alivyo, na kwamba mwanamke huyo anataka kumgeuza awe shetani. Katika ubeti wa pili anamsihi asimpe mgongo, aache hila zake, kisha anatia onyo kwamba yeye naye anavyo vijiti vyake vya kichawi. Katika ubeti wa tatu anakiri kwamba amerogwa, kwamba moyo wake unageuka kuwa jiwe, kwamba anamhitaji mno, na kwamba hawezi kuachana naye. Wimbo unaishia hapo.

Sasa tazama jinsi msimamo wa msemaji unavyohama. Anapoanza anazungumza na sisi wasikilizaji, na mwanamke anatajwa kama mtu wa tatu, asiyekuwepo, ambaye msemaji anadai kuwa ni wake. Hilo ni tangazo la mtu aliye na mali na anayelalamikia tabia ya mali yake. Ubeti wa pili unapoanza, sisi wasikilizaji tumekwisha kusahauliwa. Mwanamume amegeuka na sasa anamwelekea mwanamke moja kwa moja, na neno la kwanza analomwambia ni ombi. Kufikia ubeti wa tatu hakuna tena dai la kumiliki, kuna kuhitaji peke yake. Katika beti tatu fupi mtu aliyeanza kwa kusema "ninaye" anamaliza kwa kusema "siwezi bila yeye", na hakuna kilichotokea katikati isipokuwa kusikika kwa sauti yake mwenyewe. Ninaamini kwamba safari hii fupi ndiyo kiini cha wimbo, na kwamba uchawi ni vazi lake tu.

Jiulize pia mwanamke amefanya nini hasa. Anashtakiwa mengi: kupofusha, kuroga, kufanya hila, kugeuza moyo kuwa jiwe, kumfanya mtu kuwa shetani. Hayo yote ni madai ya upande mmoja, wala hatuonyeshwi hata moja likitendeka. Mwanamke hana jina, hana sura, haelezwi rangi ya nguo wala namna ya kutembea, na hatamki neno lolote tangu mwanzo hadi mwisho. Kitendo pekee cha mwanamke ambacho tunaweza kukikisia kwa uhakika kiasi ni kile ambacho mwanamume anamwomba asikifanye, yaani kumpa mgongo. Mtu haombi asigeukiwe mgongo ila anapouona ukianza kugeuka. Kwa hiyo nguvu halisi ya mwanamke huyu, ukiondoa madai na kubakisha ushahidi, ni uwezo wake wa kuondoka, na uwezo huo ndio ambao mwanamume ameupa jina la uchawi. Hakuna laana inayotisha katika wimbo mzima kama uwezekano kwamba mtu anayetamaniwa ana hiari yake na anaweza kuitumia kwenda zake.

Utaona pia kwamba msemaji anajikanusha mwenyewe. Anasema amepofushwa hata haoni kwamba mwanamke huyo ni mchawi, lakini ndiye huyo huyo anayetutangazia kwamba ni mchawi. Basi anaona. Upofu anaoutaja ni wa kujitetea, ule wa mtu anayetaka matendo yake yahesabiwe kuwa ya mwingine: nikifanya ushetani, msinilaumu mimi, mlaumuni aliyenigeuza. Katika ubeti wa pili utetezi huo unazidi kulegea, kwa kuwa mtu aliyekuwa akijiita mhanga wa uchawi anajitapa kwamba yeye naye ana vijiti vya kichawi. Bila shaka mna mzaha wa kitandani ndani ya maneno hayo, nao ni wa aina iliyozoeleka sana katika bluzi. Lakini hata ukiuacha mzaha kando, linabaki jambo la maana, kwamba uchawi anaomlaumu nao mwanamke ndio huo huo anaotamani kuwa nao yeye.

Hapa ndipo rafiki yako wa kwanza anapopaswa kujibiwa. Katika nyimbo za bluzi za Wamarekani Weusi, ambazo Green alizisoma na kuziiga kwa bidii, habari za hirizi, mizizi na mazingaombwe ya mapenzi ni lugha ya kawaida ya kuzungumzia matamanio. Mwaka 1954 mwimbaji wa bluzi Muddy Waters aliimba "Hoochie Coochie Man", wimbo uliotungwa na Willie Dixon, ambamo mwanamume anaorodhesha vitu vyake vya bahati na kujigamba kwamba alizaliwa na nguvu juu ya wanawake. Miaka michache baadaye aliuvumisha "Got My Mojo Working", ambao kabla yake ulikuwa umeimbwa na mwanamke, Ann Cole, na ambao ujumbe wake unachekesha na kuuma kwa pamoja: hirizi yangu inafanya kazi kwa kila mtu, isipokuwa kwako wewe ninayekutaka. Ukiuweka wimbo wa Green karibu na huo utaona kwamba ni watoto wa ukoo mmoja. Hirizi ya mwanamume haifui dafu mbele ya mwanamke mwenye hiari yake, na mwanamume aliyeshindwa hutafuta maelezo ambayo hayamlazimu kusema wazi kwamba hakutakiwa. Hapo hakuna mafundisho ya ushirikina, kuna mtu aliyezidiwa na hamu anayetumia msamiati aliourithi kutoka kwa waimbaji waliomtangulia.

Kuhusu dawa za kulevya sina mengi. Wimbo unaeleweka mstari kwa mstari bila kuzihitaji, na tafsiri inayolazimisha kitu ambacho maneno hayakihitaji huwa inatueleza zaidi juu ya mfasiri.

Sasa nirudi kwenye muziki, kwa sababu nadhani ndio unaokufanya uusikilize mara kwa mara. Toleo la 1968 ni la chini ya dakika 3. Ni bluzi ya mizani 12, yaani yenye mzunguko unaojirudia kila baada ya vipimo 12 vya mapigo, katika ile ngazi ya sauti yenye huzuni ambayo wanamuziki huiita maina, na inafuata kwa karibu njia iliyopitwa na mwanabluzi Otis Rush katika wimbo wake wa 1958 uitwao "All Your Love". Gitaa la Green ni la sauti nyembamba inayolia na kunyamaza, na vile vinyamazo ndivyo vinavyomfanya mwanamume aonekane mpweke chumbani. Ukitaka kusikia mtu aliyetawaliwa na wazo moja, sikiliza jinsi mshororo unavyorudiwa: katika bluzi nyingi marudio humpa mwimbaji nafasi ya kupumua na kumwandaa msikilizaji kwa jibu, lakini hapa yanasikika kama akili inayokataa kusogea, ambayo kila ikijaribu kuwaza jambo lingine hujikuta imerudi kwenye sentensi ile ile.

Santana wamechukua maneno hayo hayo na kuyaweka katikati ya umati. Pana ngoma za konga, pana timbale, pana ogani inayoenea chini ya kila kitu, na toleo la albamu linapita dakika 5 ingawa hakuna ubeti hata mmoja ulioongezwa. Muda wote wa ziada ni wa ala. Baada ya mwimbaji kukiri kwamba hawezi kuachana na mwanamke huyo, bendi haikubali kuuacha wimbo ufe. Inaongeza kasi na kuingia katika kipande kingine kabisa, "Gypsy Queen", kilichotungwa na Gábor Szabó, mpiga gitaa kutoka Hungaria, na kurekodiwa naye mwaka 1966. Kipande hicho hakina maneno hata kidogo. Mimi hupenda kukisikiliza kama zamu ya mwanamke, baada ya mwanamume kumaliza mashtaka yake: hatimaye amepata nafasi, naye hajibu kwa hoja, anacheza. Najua kwamba hii ni tafsiri yangu na kwamba huenda wanamuziki waliviunganisha vipande hivyo viwili kwa sababu tu vilipatana vizuri jukwaani. Hata hivyo jina la kipande lina malkia ndani yake, na mtu aliyeitwa mchawi dakika chache zilizopita kupandishwa hadi umalkia si jambo la kupuuzwa.

Jalada la albamu nalo lina la kusema. Ni mchoro wa Mati Klarwein wa mwaka 1961 unaoigiza habari ya malaika kumpasha Mariamu habari njema, ila katika mchoro huu Mariamu ni mwanamke mweusi aliye uchi, aliyetulia katikati ya picha kana kwamba vyote vinamzunguka yeye, na malaika mwenye mwili mwekundu amekuja na ngoma ya konga. Aliyenunua albamu hiyo mwaka 1970 alimwona kwanza mwanamke huyo, kisha akasikia mwanamume akilalamika.

Je, basi, anatukuzwa au anadhalilishwa? Ninaona kwamba maneno yanamdhalilisha na umbo la wimbo linamrudishia hadhi. Sitaki kulipuuza hilo la kwanza. Kumwita mwanamke mchawi kwa sababu umemtamani si utani usio na historia; barani Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, watu wanaokadiriwa kuwa 40,000 hadi 60,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na takriban robo tatu yao walikuwa wanawake. Mashtaka hayo yaliletwa na watu wenye mamlaka na yaliaminiwa. Tofauti iliyopo katika wimbo ni kwamba mshtaki hana mamlaka yoyote, na kadiri anavyozidi kushtaki ndivyo tunavyozidi kuona kwamba anajieleza yeye. Mtunzi amemwacha aseme hadi ajifichue. Iwapo Green alifanya hivyo kwa makusudi au kwa kipaji tu hainisumbui sana, kwa maana wimbo uliokamilika unaweza kujua mambo ambayo hata aliyeutunga hakuyapanga.

SWALI: Mhariri, mimi ni msomaji wa kike na nimechoshwa na nyimbo ambazo wanaume wanatueleza sisi jinsi tulivyo hatari. Naomba kujua kama zipo nyimbo za roki, au zilizo jirani na roki, ambamo mwanamke mwenyewe ndiye anayesema kuhusu tamaa na nguvu zake. Na zikiwepo, je, maana hubadilika kweli, au ni wimbo ule ule kwa sauti nyembamba?

JIBU: Dada msomaji, zipo, na mfano wa kwanza unatoka katika bendi ile ile. Peter Green aliondoka Fleetwood Mac mwaka 1970, na baada ya mabadiliko mengi ya wanachama, mwishoni mwa 1974 bendi ilimpokea mwimbaji wa kike, Stevie Nicks, pamoja na Lindsey Buckingham. Katika albamu ya 1975 Nicks aliimba "Rhiannon", wimbo alioutunga yeye, ambao nao unamhusu mwanamke mwenye nguvu zisizo za kawaida. Mpiga dramu na mpiga gitaa la besi, Mick Fleetwood na John McVie, ni wale wale waliopiga katika wimbo wa Green mwaka 1968. Ni nadra kupata nafasi nzuri hivi ya kulinganisha.

Tofauti inaanzia kwenye mahali aliposimama msemaji. Nicks hasemi kwamba mwanamke huyu ni wake, wala kwamba amedhuriwa naye. Anamtazama akipita kama ndege na kama upepo, kisha anamgeukia mwanamume asiyetajwa na kumuuliza maswali: je, ungebaki kama angekuahidi mbingu, na je, utawahi kushinda? Kule kwa Green mwanamume ndiye aliyetoa hukumu. Hapa mwanamume ndiye anayehojiwa, na hana jibu. Nguvu za Rhiannon hazielezwi kama madhara aliyomfanyia mtu, zinaelezwa kama namna yake ya kuishi.

Nicks alilipata jina hilo katika riwaya aliyoisoma, na ni baadaye tu alipojua kwamba Rhiannon ni mwanamke wa hadithi za kale za Wales zinazojulikana kama Mabinogi. Nakusihi uitafute hadithi yenyewe, kwa sababu inafaa sana kwa swali lako. Rhiannon anapita amepanda farasi anayetembea kwa utulivu, naye mtawala aitwaye Pwyll anamtuma mpanda farasi amfuate. Lakini kadiri anayemfuata anavyozidisha mbio ndivyo Rhiannon anavyozidi kuwa mbali, ingawa farasi wake hajaongeza mwendo. Hatimaye Pwyll anamfuata mwenyewe, anashindwa, na ndipo anapompazia sauti na kumwomba asimame. Rhiannon anakubali kwa furaha na kumwambia kwamba ingekuwa nafuu kwa farasi kama angeomba mapema. Inadhihirika kisha kwamba alikuwa amekuja kumtafuta Pwyll huyo huyo, kwa kuwa hakumtaka mwanamume aliyekuwa ameozwa kwake bila hiari yake. Yaani kilichoonekana kuwa uchawi wa kumpotosha mwanamume kilidumu muda wote ambao mwanamume alifukuza bila kuuliza, na kikaisha mara alipouliza. Sijui maelezo bora zaidi ya kile ambacho mwimbaji wa "Black Magic Woman" alikosa kukifanya. Baadaye katika hadithi hiyo Rhiannon anasingiziwa kwamba amemuua mtoto wake na anaadhibiwa mbele ya watu, jambo ambalo halitamshangaza yeyote anayejua jinsi jamii zinavyowatendea wanawake ambao zimekwisha kuwaita wa ajabu.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na ndio unaonizuia kukujibu kwamba kila wimbo ukiimbwa na mwanamke huwa wa ukombozi. Mwaka 1956 Screamin' Jay Hawkins alirekodi "I Put a Spell on You", akauimba kwa kukoroma na kupiga mayowe, na jukwaani akawa anatokea ndani ya jeneza. Kwake yeye uchawi ni kioja. Mwaka 1965 Nina Simone aliuimba kwa ala za nyuzi na sauti nzito iliyodhibitiwa, bila kuyabadilisha maneno kwa kiasi kikubwa, na kioja kikatoweka. Hapa mwanamke hasingiziwi uchawi, anaudai yeye mwenyewe: nimekuroga kwa sababu wewe ni wangu. Ukisikia hivyo unaweza kushangilia kwamba hatimaye mwanamke ameshika usukani. Lakini endelea kusikiliza. Msemaji huyu analalamika kwamba mpenzi wake anazurura, anamwambia aache anayoyafanya, anasisitiza kwamba anampenda hata asipotakiwa. Anayezurura ndiye mwenye uwezo wa kuondoka. Anayeroga ni yule aliyebaki nyuma. Karibu na mwisho Simone anayaacha maneno na kuimba kwa silabi zisizo na maana akijibizana na saksafoni, na mimi husikia hapo mtu ambaye maneno yake ya kumiliki yameisha nguvu.

Kwa hiyo, dada yangu, maana hubadilika, ila haibadiliki kwa sababu ya unene au wembamba wa sauti. Anayetamani bila kujibiwa huwa mnyonge awe mwanamume au mwanamke, na yule anayeweza kugeuka na kwenda zake huwa na nguvu hata akinyamaza. Kinachobadilika mwanamke anaposhika kipaza sauti ni kwamba tamaa yake inakuwa na mwenyewe. Katika wimbo wa Green hatujui mwanamke anataka nini, wala hakuna aliyemuuliza. Kwa Simone tunajua, na tunajua kwa uchungu. Kutamaniwa na kutamani ni vitu viwili, na roki ya mwanzoni iliwapa wanawake hicho cha kwanza kwa wingi na hicho cha pili kwa kijiko.

Ukipenda kusikia mtu akiuvunja mpangilio huo kwa makusudi, sikiliza jinsi mwimbaji wa kike Patti Smith alivyoifungua albamu yake ya 1975, Horses, kwa "Gloria", wimbo wa Van Morrison wa miaka ya 1960 kuhusu mwanamume anayemngojea msichana. Smith aliutanguliza kwa shairi lake mwenyewe, na alipofika kwa msichana huyo hakumgeuza kuwa mvulana. Alisimama pale pale alipokuwa amesimama mwanamume, akatamani kwa sauti.

SWALI: Nimesoma kwamba mtunzi wa "Black Magic Woman" alikuja kuugua akili. Je, si sahihi kusema kwamba yule shetani wa ubeti wa kwanza alikuwa dalili ya ugonjwa wake, na kwamba wimbo hauhusu mwanamke hata kidogo?

JIBU: Ni kweli kwamba Peter Green aliugua. Aliachana na Fleetwood Mac mwezi Mei 1970, akapitia matibabu ya skizofrenia katika miaka iliyofuata, na kwa muda mrefu hakupiga muziki hadharani. Ni kweli pia kwamba wimbo wake wa 1970, "The Green Manalishi", una kiumbe cha kutisha kinachomjia mtu usiku, na Green mwenyewe alieleza kwamba alikusudia fedha na ubaya wake.

Lakini tarehe zinakukatalia. "Black Magic Woman" ni wa 1968, Green alipokuwa kijana wa miaka 21 katika kilele cha kazi yake, na shetani anayetajwa humo ni yule yule wa bluzi aliyekuwa akiimbwa na watu wazima wenye afya tangu kabla Green hajazaliwa. Kuchukua masaibu yaliyompata mtu baadaye na kuyapandikiza ndani ya kazi yake ya awali huonekana kama huruma, na matokeo yake ni kwamba hatumsikilizi tena. Kila neno linakuwa dalili na ufundi wake wote unasahauliwa. Tena ukimwondoa mwanamke katika wimbo huu, ubeti wa pili na wa tatu hauna anayeambiwa, na ombi la kutopewa mgongo halimwendei mtu yeyote.

Ukitaka kuyatumia maisha ya Green, lipo tukio moja ninaloona linafaa kuliko ugonjwa. Mwaka 1998 Fleetwood Mac na Santana waliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll katika hafla moja, na Green, ambaye wengi hawakutarajia kumwona tena jukwaani, aliupiga wimbo huo pamoja na Carlos Santana. Alifariki mwezi Julai 2020 akiwa na umri wa miaka 73.